Ramani yangu ya mawazo imetoa slaidi zisizotazamika: nitafute programu nyingine au nianze upya?

*"Nimechora kwenye kompyuta ramani ya mawazo kwa ajili ya mafunzo ya usalama wa taarifa kazini. Ina matawi makuu 6 na vitawi zaidi ya 80. Nilibofya kitufe cha kuigeuza kuwa slaidi ndani ya programu hiyohiyo, nikapata kitu kisichotazamika: slaidi nyingine zina neno moja tu katikati, nyingine zina mistari 20 ya maandishi madogo sana. Nilipoweka kiolezo cha ofisi, rangi ya nyuma ilibadilika lakini maandishi yalibaki na fonti na rangi zake za awali. Mishale niliyoichora kuunganisha matawi haimo kabisa. Je, ipo programu itakayofanya haya yote yenyewe, pengine hizi za akili unde? Au nianze upya, slaidi moja baada ya nyingine? Nina wiki moja."*

Ndugu muulizaji, pole kwa usumbufu, na hongera kwa kuanza na ramani badala ya kukimbilia slaidi. Nikikuelewa vizuri, unahofia mambo mawili: kwamba kazi ya kuchora ramani imekwenda bure, na kwamba wenzako wana programu inayolifanya jambo hili vizuri ila wewe tu hujaipata. Yaondoe yote mawili moyoni. Ramani yako ni mali, na slaidi zako zitatoka humo humo. Usianze upya, na usinunue chochote kwa sasa. Kasoro zote ulizozitaja zina vyanzo viwili: umbo la ramani kabla hujabofya kile kitufe, na jinsi maandishi yalivyoshikamana na kiolezo, au yalivyokosa kushikamana nacho. Vyote viwili vinarekebishika ndani ya wiki uliyonayo, na muda utabaki.

Kwanza niondoe dhana inayowapotosha wengi, kwamba ramani na slaidi ni maudhui yaleyale yaliyobadilishwa sura. Ramani ya mawazo, kama ilivyoenezwa na Mwingereza Tony Buzan tangu miaka ya 1970, ni chombo cha mtu anayefikiri. Yote yako mbele ya macho kwa pamoja, jicho linaruka linakotaka, na neno moja kwenye tawi linatosha kwa sababu aliyeliandika anajua kilicho nyuma yake. Slaidi ni chombo cha msikilizaji. Yeye anaona kipande kimoja kwa wakati mmoja, kwa mfuatano ambao hakuuchagua, huku masikio yake yako kwako. Neno "Nywila" kwenye ramani linakukumbusha wewe mambo mengi. Likitua peke yake kwenye slaidi, halimwambii mtu chochote. Hiyo kazi ya kuligeuza neno kuwa kauli haikufanywa na kitufe, na hakuna kitufe kinachoweza kuifanya kwa niaba yako bila kubahatisha.

Sasa tuingie ndani tuone kompyuta inafanya nini. Ukiangalia ramani yako unaona rangi, picha, mistari iliyopinda, matawi ya kulia na kushoto. Programu inaona mti tu. Kwa kila kitawi inajua mambo manne: maandishi yake, kinatoka kwenye tawi gani, kiko ngazi ya ngapi kutoka katikati, na ni cha ngapi miongoni mwa ndugu zake. Inapotengeneza slaidi inaanzia katikati, inaingia tawi la kwanza hadi ncha yake ya mwisho, inarudi, inaingia la pili, na kuendelea hivyo mpaka mti uishe. Njiani inafuata kanuni moja: ngazi fulani inakuwa kichwa cha slaidi, ngazi zilizo chini yake zinakuwa vitone, na zilizo juu yake zinakuwa slaidi za kufungulia sehemu. Umbizo la otomatiki halina zaidi ya hapo. Linajua cheo cha kila neno, halijui maana yake wala uzito wake.

Ukilishika hilo, slaidi zako mbovu zinajieleza zenyewe. Tuseme tawi lako la "Barua pepe za ulaghai" lina vitawi vitano, kila kimoja na vitatu vyake. Kanuni ikisema ngazi ya kwanza ndiyo kichwa cha slaidi, vitu vyote 20 vinarundikwa kwenye slaidi moja. Na tawi la "Kuripoti tukio", ambalo hukuliwekea vitawi kwa sababu ulikuwa na haraka au kwa sababu jambo lenyewe unalijua kwa moyo, linatoa slaidi yenye neno lake tu. Programu haikukosea popote. Imekupa picha ya kweli ya ramani isiyo na uwiano: upande mmoja msitu, upande mwingine jangwa. Wenye uzoefu huutumia hata huu ubaya kama kipimo, maana slaidi tupu mara nyingi huonyesha mahali ambapo mafunzo yenyewe bado hayajafikiriwa vya kutosha.

Mishale nayo ilipotea kwa sababu hiyohiyo. Katika mti kila kitawi kina mzazi mmoja. Mshale kutoka "Nywila" kwenda "Vifaa vya mkononi" unasema kitu ambacho mti hauna pa kukiweka, kwa hiyo kwenye muhtasari wa ngazi kwa ngazi mshale hauna makazi. Vivyo hivyo kwa mada zinazoelea pembeni bila kuungwa na tawi lolote: programu nyingine huziacha, nyingine huzitupa mwisho kabisa. Na hili halitatuliwi kwa kubadilisha programu. Inabidi uamue mwenyewe, kwa kila mshale, kama wazo hilo linastahili kusemwa. Likistahili, liandikie kitawi chake: "Simu iliyopotea inafungua nywila zote zilizohifadhiwa ndani yake." Mara nyingi sentensi ya namna hiyo ndiyo inayobaki kichwani mwa msikilizaji kuliko orodha nzima iliyoizunguka.

Chanzo cha pili ni kiolezo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza saa nyingi bila kujua wanapambana na nini.

Faili la PowerPoint lenye kiambishi cha pptx ni mkoba uliobanwa wenye mafaili mengi madogo ya maandishi ndani yake. Umbo hilo liliidhinishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2008. Ndani ya mkoba huo slaidi yako haibebi umbizo lake lote. Inarithi. Slaidi inaangalia mpangilio wake (Layout), mpangilio unaangalia slaidi kuu (Slide Master), na slaidi kuu inachukua fonti na rangi kutoka kwenye mandhari (Theme). Kiungo kinachopitisha urithi huo ni kisanduku maalumu kinachoitwa kishika nafasi: kimoja cha kichwa, kimoja cha maudhui, pengine kimoja cha picha. Maandishi yaliyokaa ndani ya kishika nafasi ni kama udongo ndani ya kalibu, ukibadilisha kalibu tofali linatoka na umbo jipya. Lakini maandishi yaliyowekwa kwenye kisanduku cha kawaida, kile ambacho mtu yeyote anaweza kukichora popote kwenye slaidi, hayarithi nafasi wala ukubwa kutoka popote, na fonti na rangi zake zikiwa zimeandikwa moja kwa moja juu yake basi kiolezo hakina la kuyafanya.

Programu nyingi za ramani, zinapotoa slaidi, huweka maneno kwenye visanduku vya kawaida. Nyingine huchora tawi zima kama picha. Kwa nje zinafanana na slaidi halali, na ndiyo maana uliona rangi ya nyuma inabadilika huku maandishi yakikataa. Kuna kipimo rahisi cha kuligundua hili. Fungua faili katika PowerPoint, nenda kwenye View, chagua Outline View. Upande wa kushoto utaona maandishi ya wasilisho zima, lakini yale tu yaliyo ndani ya vishika nafasi. Ukikuta vichwa na vitone vyote vimo, una bahati: chagua slaidi zote, bofya Reset iliyo kwenye Home, na maandishi yatarudi kwenye nafasi, fonti na rangi za kiolezo. Ukikuta alama za slaidi tupu zisizo na neno pembeni yake, slaidi hizo hazitatengenezeka kwa kiolezo chochote. Usijaribu kuziokoa. Rudi kwenye ramani utoe upya kwa njia nyingine.

Kwa maelezo yako, nadhani utakuta hali hii ya pili. Kwa hiyo nakupa njia ambayo mimi huipendekeza kwa mtu mwenye kiolezo cha ofisi asichoruhusiwa kukigusa: tayarisha ramani, itoe kama muhtasari wa maandishi, kisha acha programu ya slaidi yenyewe iuingize muhtasari huo kwenye kiolezo. Mashine inafanya sehemu ya katikati, na wewe unafanya miisho miwili.

Mwisho wa kwanza ni ramani, na ndio unaostahili muda wako mwingi. Hifadhi nakala, kisha fanya kazi kwenye nakala hiyo, ile ya awali ibaki na fujo yake ya kufikiria. Amua ngazi ya kukatia, yaani ngazi ambayo kila kitawi chake kitakuwa slaidi moja. Kwa ramani yenye matawi makuu 6 na vitu zaidi ya 80, karibu hakika ngazi hiyo ni ya pili: matawi makuu yanakuwa sehemu za mafunzo, watoto wao wanakuwa slaidi, wajukuu wanakuwa vitone. Chochote kilicho chini ya wajukuu kisiende kwenye slaidi kabisa. Kihamishie kwenye madokezo ya kitawi, ambayo baadaye yatakuwa maneno yako ya kusema. Kiufundi vishika nafasi vinaweza kubeba ngazi hadi 9 za vitone, lakini msikilizaji anayelazimika kutofautisha ngazi ya tatu na ya nne kwa kuangalia upana wa pembezo ameshaacha kukusikiliza.

Pita sasa kwenye kila kitawi cha ngazi ya pili ukibadilishe kutoka neno kuwa kauli. Badala ya "Nywila – urefu", andika "Urefu wa nywila unalinda kuliko alama za ajabu". Badala ya "Viambatisho", andika "Kiambatisho usichokitarajia usikifungue, hata kikitoka kwa mtu unayemjua". Usiogope kwamba vichwa vitakuwa virefu. Mistari miwili inakubalika. Kazi hii inachosha, na nakuomba usiiruke, kwa sababu ndiyo inayoamua kama utakuwa na mafunzo au orodha ya maneno. Ukishindwa kuandika kauli kwa kitawi fulani, hicho si slaidi. Kiunganishe na jirani yake au kiondoe.

Kuhusu idadi ya vitone, pengine umewahi kuambiwa kanuni ya "saba kwa kila slaidi". Asili yake hutajwa kuwa George Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeandika mwaka 1956 juu ya namba saba kuongeza au kupunguza mbili. Lakini yeye alizungumzia mipaka ya kumbukumbu ya muda mfupi na ya kutambua vitu, hakuzungumzia slaidi hata kidogo. Mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, mwaka 2001 alitoa hoja kwamba kiasi halisi tunachokishika kwa wakati mmoja kinakaribia vinne. Hiyo nayo si sheria ya slaidi, ila inatosha kukufanya ushtuke ukiona vitone vinane. Kitawi chenye watoto wanane kigawe kuwa viwili, kila kimoja na kauli yake.

Angalia pia mfuatano. Programu nyingi husoma ramani kwa utaratibu wake maalumu, mara nyingi upande wa kulia kwanza kisha wa kushoto, na utaratibu huo unaweza usilingane na ulivyokusudia kufundisha. Ibadilishe ramani iwe na umbo la mti unaoshuka au orodha inayokwenda upande mmoja, na hapo utauona mfuatano kama mashine inavyouona.

Sasa tuhamishe. Kama programu yako inatoa faili la Word lenye mitindo ya vichwa, hiyo ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Katika PowerPoint fungua kwanza kiolezo cha ofisi, kisha bofya mshale ulio chini ya New Slide na uchague Slides from Outline. Kila aya yenye mtindo wa Heading 1 inakuwa kichwa cha slaidi, Heading 2 inakuwa kitone, Heading 3 kitone cha ndani. Kwa kuwa wewe unakatia ngazi ya pili, inabidi vitawi vyako vya ngazi hiyo viwe Heading 1 kwenye Word. Njia rahisi ni kutoa matawi makuu moja moja, au kupandisha ngazi zote hatua moja katika mwonekano wa muhtasari wa Word na kuacha majina ya sehemu yawe slaidi zao pekee. Kuna mitego miwili hapa. Aya zenye mtindo wa kawaida haziingii kabisa pale ambapo vichwa vipo, kwa hiyo madokezo yako marefu yatabaki nyuma na utayabandika mwenyewe. Na faili lisilo na mitindo ya vichwa hata kimoja hugeuzwa slaidi moja kwa kila aya. Ukiona slaidi 80 zenye mstari mmoja mmoja, ujue ndicho kilichotokea. Rangi ya buluu ya vichwa vya Word nayo huja pamoja na maandishi, lakini Reset inaiondoa.

Kama programu yako haitoi Word, karibu zote hukuruhusu kunakili tawi na kulibandika kwenye kihariri cha maandishi matupu. Mstari usio na nafasi mwanzoni utakuwa kichwa, wenye tabo moja utakuwa kitone, tabo mbili kitone cha ndani. Hakikisha ni tabo kweli, kwa sababu PowerPoint haizihesabu nafasi za kawaida kama ngazi. Wanaotumia LibreOffice wana njia yao ndani ya Writer: File, kisha Send, kisha Outline to Presentation, na muhtasari unafunguka kwenye Impress, programu yake ya slaidi.

Ipo njia ya tatu, ambayo naipenda kuliko hizo kwa mtu atakayerudia kazi hii mara nyingi, lakini sitakulazimisha uijifunze wiki hii. Ni programu ya bure iitwayo pandoc, iliyoandikwa na John MacFarlane, inayogeuza nyaraka kutoka umbo moja kwenda jingine kwa amri ya maandishi. Ukitoa ramani kama Markdown, yaani maandishi matupu yenye alama rahisi za vichwa na vitone, amri inakuwa hivi:

pandoc mafunzo.md -o mafunzo.pptx --reference-doc=kiolezo.pptx --slide-level=2

Uzuri wake ni kwamba ngazi ya kukatia unaitaja mwenyewe, matawi makuu yanakuwa slaidi za sehemu bila ujanja wowote, na madokezo ya mzungumzaji yanaingia mahali pake ukiyawekea alama. Kiolezo cha ofisi lazima kiwe na mipangilio yenye majina ambayo pandoc inayatafuta, kama Title Slide, Section Header na Title and Content; isipoyakuta inatumia ya kwake. Ramani zinatolewa pia kama OPML, aina ya faili la muhtasari wa ngazi kwa ngazi, na pandoc inaisoma, ila inasoma kila kitawi kama kichwa badala ya kitone, ndiyo maana nakushauri Markdown. Jambo jingine: maandishi yakizidi nafasi, huenda yakaonekana yamefurika nje ya slaidi, kwa sababu kule kupungua kwa herufi hufanywa na PowerPoint yenyewe pale maandishi yanapohaririwa.

Na hapo napenda kusema neno juu ya huko kupungua kwa herufi. Watu wengi hulichukulia kama msaada, kumbe nalo huleta maandishi madogo sana kama yale uliyoyaona. Maandishi yakizidi, PowerPoint huyapunguza kimyakimya mpaka yaenee. Mimi nakushauri uizime wakati wa kutayarisha: bofya kulia kwenye kishika nafasi cha maudhui ndani ya slaidi kuu, fungua Format Shape, na chini ya mipangilio ya kisanduku cha maandishi chagua Do not Autofit. Maandishi yaliyozidi yatamwagika nje na utayaona. Bora uyaone wewe mezani kuliko wayaone waliokaa nyuma ya ukumbi. Kama kiolezo huruhusiwi kukibadilisha, fanya hivyo kwenye nakala yako ya majaribio tu.

Mwisho wa pili wa kazi ni baada ya slaidi kutoka. Zipitie ukibadilisha mpangilio kwa zile zinazostahili: mlinganisho wa mambo mawili uende kwenye mpangilio wenye safu mbili, slaidi yenye picha iende kwenye wenye nafasi ya picha. Badilisha mpangilio kwa kitufe cha Layout, usisogeze visanduku kwa mkono, la sivyo Reset ya baadaye itafuta kazi yako yote. Angalia uwiano wa ukubwa pia. Tangu toleo la 2013 PowerPoint huanza na slaidi pana za 16:9, na kama ulichotoa ni 4:3, picha zitavutwa au kukatwa.

Uliuliza kuhusu akili unde. Programu hizi zimekuwa na uwezo mzuri wa kuandika rasimu ya vichwa, kupendekeza picha na kupanga slaidi zipendeze. Zikipewa muhtasari mfupi hutoa kitu chenye sura safi kwa dakika chache, na kwa wasilisho la kawaida sioni ubaya wa kuanzia hapo. Lakini nina tahadhari mbili kwa jambo lako. Ya kwanza, hujaza mapengo. Pale ambapo kitawi chako kina neno moja, zitatunga sentensi yenye kuaminika, na sentensi hiyo inaweza kuwa kanuni ambayo ofisi yenu haijawahi kuiweka. Katika mafunzo ya usalama, watu watakwenda kufanya kile walichokisoma. Ya pili ni nzito zaidi: ramani yako inaeleza jinsi ofisi yenu inavyojilinda na pengine mahali ilipo dhaifu. Usiipakie kwenye huduma ya nje kabla ya kupata ruhusa ya mhusika wa usalama wa taarifa, hata kama huduma hiyo ni ya bure na rahisi.

Njia nyingine ni kutotengeneza slaidi kabisa. XMind na MindMeister, kwa mfano, zina hali ya kuwasilisha inayotembea juu ya ramani yenyewe tawi kwa tawi. Kwa kikao cha watu wachache wanaojadiliana, hasa pale ambapo mishale ndiyo hoja, naiona ni bora kuliko slaidi. Kwa mafunzo ambayo watu watataka kubaki na faili, na ofisi inataka nembo yake juu ya kila ukurasa, haitakufaa. Unaweza hata hivyo kupiga picha ya ramani nzima ikiwa imekunjwa hadi matawi 6 na kuiweka kama slaidi ya pili, kisha kuirudisha kila unapofungua sehemu mpya huku tawi husika likiwa na rangi. Hapo msikilizaji anajua yuko wapi katika safari.

Ya kutengeneza slaidi zote kwa mkono sina mengi ya kusema. Kwa slaidi 10 ni sawa. Kwa zako, zinazoweza kufika 25 au 30, utachoka katikati na nusu ya pili itaonekana hivyo.

Kuna hali ambazo maelezo haya hayatatosha na itabidi ukae na mtu. Ukifungua View, kisha Slide Master, ukakuta kiolezo cha ofisi kina mpangilio mmoja tu, au nembo na vichwa vimechorwa juu ya slaidi za kawaida bila kishika nafasi chochote, kiolezo chenyewe ni kibovu. Hakuna njia ya kuingiza muhtasari itakayofaulu juu yake. Mpelekee aliyekitengeneza, au kitengo cha mawasiliano, mwonyeshe kwenye kompyuta. Ni kazi ndogo kwa anayejua, na itawafaa wenzako wote. Kama kompyuta ya kazini imezuia kuweka programu, usitafute njia ya kuzunguka ili upate pandoc. Waombe watu wa tehama, au tumia njia ya Word. Na kama miongoni mwa watakaohudhuria kuna wasioona vizuri au wanaotumia kisoma skrini, zungumza nao mapema. Vishika nafasi vinasaidia hapa pia, kwa kuwa kisoma skrini hutegemea kichwa cha slaidi kumwambia mtu yuko wapi, lakini picha zitahitaji maelezo mbadala ambayo wewe tu unaweza kuyaandika vizuri.

Zaidi ya hayo yote, kabla ya siku ya mafunzo tafuta mwenzako mmoja asiyejua ramani yako, umsomee vichwa vya slaidi peke yake, kimoja baada ya kingine, bila vitone. Akikuuliza "kwa nini umetoka hapa ukaenda pale", pengo liko kwenye mfuatano. Hilo hakuna programu itakayokuambia.

Kwa wiki uliyonayo, ningeipa ramani siku mbili nzima, kuhamisha na kuweka kiolezo nusu siku, na siku moja ya kupitia slaidi na kuandika madokezo. Ukishaanza kuhariri slaidi zenyewe, acha kutoa upya kutoka kwenye ramani, kwa sababu kila utoaji mpya hutengeneza faili jipya lisilojua ulichokibadilisha. Wazo likikujia siku ya tano, liandike kwenye slaidi na kwenye ramani pia, ili mafunzo ya mwaka ujao yaanzie kwenye ramani iliyo kamili.